Daftari Lisilohitaji Rubani

Mwezi wa Juni mwaka 1970 jarida moja la wanazuoni wa kompyuta wa Marekani lilitoa makala ya kurasa 11, iliyojaa lugha ya hisabati, ambayo haikuahidi kwamba mashine yoyote ya wakati ule ingeweza kuyatenda yale iliyoyaeleza. Na aliyeiandika, Edgar Frank Codd, mtafiti katika maabara ya kampuni ya IBM mjini San Jose, jimbo la California, hakuwa mtu mashuhuri nje ya duara dogo la wenzake. Walakini sehemu kubwa ya madaftari yanayotunzwa leo kwa kompyuta, yaani hifadhidata, yawe ya benki au ya hospitali, ya chuo kikuu au ya shirika la ndege, imesimama juu ya fikra iliyomo katika kurasa zile, na wale wanaozitumia hifadhidata hizo kila siku, ambao ni karibu kila mwenye simu mkononi, aghalabu hawajapata kulisikia jina lake.

Fikra yenyewe yasemeka kwa maneno machache. Mwenye kuuliza aseme anachotaka kujua, wala asilazimishwe kujua kimewekwa wapi na kinafikiwa kwa njia gani. Jambo hili likisomwa leo laonekana jepesi, hata msomaji aweza kustaajabu kwamba lilihitaji mwanahisabati wa kulisema na miaka kumi ya ubishi wa kulithibitisha. Na ili ajabu hiyo imwondoke yatupasa kutazama kwanza hali ilivyokuwa kabla yake.

Kompyuta za kwanza zilizotumiwa na wafanyabiashara ziliweka habari zao katika kadi za matundu na tepu za sumaku, na tabia ya tepu ni kwamba habari iliyo mwishoni haifikiwi ila kwa kuzipitia zote zilizotangulia. Mwaka 1956 IBM ilitoa mashine iliyoitwa RAMAC, iliyobuniwa San Jose huko huko, yenye sahani 50 za sumaku zilizopangwa moja juu ya nyingine katika mhimili mmoja, kila sahani upana wake futi mbili, na zote kwa jumla zikihifadhi herufi milioni 5, kiasi kisichozidi picha moja au mbili zinazopigwa kwa simu za sasa. Hata hivyo mkono wa mashine ile uliweza kwenda moja kwa moja hadi mahali palipotakiwa bila ya kupitia pengine, na hapo ndipo lilipozuka swali ambalo tepu haikupata kuliuliza: ikiwa waweza kufika popote, ni nani atakayekumbuka kila kitu kiko wapi?

Charles Bachman, mhandisi wa kampuni ya General Electric, alilijibu mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa mfumo alioupa jina la IDS, ambamo kila rekodi ilibeba ndani yake anwani ya rekodi nyingine inayohusiana nayo, hivyo mtunga programu akitoka kwa mteja aliingia katika oda zake, na kutoka katika oda akaingia katika bidhaa, akifuata mnyororo kiungo baada ya kiungo. IBM nayo, ikishirikiana na kampuni ya North American Rockwell iliyokuwa na kandarasi ya kujenga chombo cha Apollo cha kwendea mwezini, ikatengeneza mfumo wa IMS, ulioanza kazi mwaka 1968, ambao ulizipanga habari kwa mfano wa mti: shina, matawi, na vitawi, mpango uliofaa sana kwa chombo chenye vipande visivyo na idadi, kila kipande kikiwa sehemu ya kingine kilicho kikubwa zaidi. Bachman alipotunukiwa Tuzo ya Turing mwaka 1973, ambayo ndiyo heshima ya juu kabisa katika ilimu ya kompyuta, alitoa hotuba akimfananisha mtunga programu na rubani anayejitafutia njia ndani ya anga pana la habari. Ilikuwa sifa kubwa kwa watunga programu, na kwa wakati wake ilikuwa kweli tupu.

Kasoro ya urubani huo ni kwamba njia huhama. Katika makala yake Codd alichukua mfano mdogo: kiwanda chenye vipuri, na miradi inayovitumia vipuri hivyo, na haja moja ya kawaida kabisa, yaani kuorodhesha vipuri vyote vinavyotumiwa na mradi fulani pamoja na idadi ya kila kimoja iliyotengewa mradi huo. Akaonyesha kwamba habari hizo hizo zaweza kupangwa katika mashine kwa namna tano mbalimbali, vipuri vikiwa chini ya miradi, au miradi chini ya vipuri, au kila kundi pekee na viungo kati yao, na kadhalika. Kila mpango una mantiki yake na watu wanaoupenda, lakini haipatikani programu iliyoandikwa kwa desturi ya siku zile ambayo itaifanya kazi ile ndogo sawasawa katika mipango yote mitano. Maana yake ni kwamba kampuni ikiupindua mpango wa habari zake ili kuiharakisha kazi moja, programu nyingine zilizokuwa zikienda salama zasimama, na walioziandika huenda wamekwisha kuhama kazi.

Codd mwenyewe alikuwa mtu wa kuhama. Alizaliwa mwaka 1923 katika kisiwa cha Portland, pwani ya kusini ya Uingereza, akasoma hisabati na kemia Oxford, akarusha ndege katika jeshi la anga la nchi yake wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na mwaka 1948 akavuka bahari kwenda New York kuajiriwa na IBM. Mwaka 1953, alipochukizwa na vitendo vya Seneta Joseph McCarthy na msako wake wa watu waliodhaniwa kuwa wakomunisti, aliihama Marekani akaenda kukaa Ottawa, Kanada, na miaka ilipita kabla ya kurejea. Shahada yake ya udaktari, aliyoipata Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1965 akiwa na umri uliozidi miaka 40, haikuhusu madaftari wala biashara hata kidogo. Ilihusu mashine za kinadharia zenye uwezo wa kujizaa zenyewe. Mimi naona hilo lilimfaa kuliko lilivyomdhuru, kwani aliyelelewa ndani ya bohari hulitazama bohari kama jambo lisilobadilika, ilhali mgeni huuliza kwa nini.

Jawabu lake aliliazima kutoka katika mantiki na nadharia ya seti. Habari zote, alisema, zionekane kwa mtumiaji kama majedwali, kila jedwali likishuhudia jambo la namna moja, na kila mstari wake ukiwa ni kauli moja iliyo kweli: mteja fulani anakaa mji fulani, kipuri fulani kina uzito fulani. Mistari haina wa kwanza wala wa mwisho. Wala uhusiano kati ya jedwali hili na lile haubebwi na anwani iliyofichwa ndani ya mashine, ila na thamani iliyoandikwa waziwazi ambayo kila mtu aweza kuisoma, kama namba ya mteja, ambayo ikionekana katika jedwali la wateja na ikaonekana tena katika jedwali la oda, basi imetosha kuyaunganisha. Juu ya majedwali hayo Codd aliweka matendo machache, kuchuja mistari, kuchagua safu, kuunganisha jedwali na jedwali. Na uzuri wake, ambao kwangu ni uzuri halisi wala si wa kusifia tu, ni kwamba kila tendo likishafanywa juu ya jedwali huzaa jedwali jingine, nalo laweza kuulizwa upya, na jawabu lake likaulizwa tena, kama vile hesabu ya namba isivyotoka nje ya namba. Katika miaka iliyofuata aliongeza kanuni za kuyagawa majedwali ili kila jambo liandikwe mara moja mahali pake, kwa maana anwani ya mteja ikiandikwa mara kumi katika oda zake kumi, siku atakapohama zitasahihishwa tisa, na hakuna atakayejua ipi ndiyo.

Maulamaa wa fani hawakumpokea kwa shangwe. Mwezi wa Mei mwaka 1974 warsha ilikusanyika Ann Arbor, Michigan, Codd upande mmoja na Bachman upande wa pili, kila mmoja na wafuasi wake, ukafanyika mjadala ambao wazee wa taaluma hii wanausimulia mpaka leo. Wapinzani walileta hoja mbili. Ya kwanza ilikuwa kwamba hisabati hii haitaeleweka na watunga programu wa kawaida, na hiyo ilivunjika upesi, kwa sababu mmoja wa waliopata kumsikiliza Codd, Don Chamberlin, aliyekuwa mweledi wa njia ya Bachman, alisimulia baadaye jinsi alivyoona maswali ambayo kwa kawaida yangehitaji programu za kurasa tano yakiandikwa kwa mstari mmoja. Hoja ya pili ilikuwa nzito zaidi: ikiwa mtu hasemi njia, mashine itaipata wapi, na ikiipata, je, haitakuwa ya kobe? Hiyo haikuweza kujibiwa kwa ulimi. Ilibidi mtu aijenge mashine hiyo.

Wakaijenga watu wa mahali pawili, umbali wa mwendo wa saa moja kwa gari. Huko San Jose, IBM iliunda kundi la mradi ulioitwa System R, ambamo Chamberlin na mwenzake Raymond Boyce walitunga lugha ya kuulizia yenye sura ya sentensi za Kiingereza, wakaitangaza katika warsha ile ile ya Ann Arbor. Boyce, aliyekuwa bado kijana, alifariki ghafula muda mfupi baadaye, asipate kuona lugha yao, iliyokuja kuitwa SQL, ikienea duniani kote. Na katika mradi huo huo Patricia Selinger na wenzake walilikabili swali la kobe. Swali linalogusa majedwali 10, ukitazama tu zamu ya kuyaunganisha, lina njia 3,628,800, na baadhi yake humalizika kwa sekunde ilhali nyingine zingechukua siku nzima kwa kazi ile ile. Mbinu yao, waliyoichapisha mwaka 1979, ilikuwa kuifanya mashine iweke takwimu za kila jedwali, lina mistari mingapi na thamani ngapi tofauti, kisha ikadirie gharama: kwanza njia bora ya kuunganisha mawili mawili, halafu, kwa kutumia matokeo hayo bila ya kurudia hesabu, matatu matatu, hadi mwisho, ikizitupa njia ghali kila hatua. Makadirio hayo hukosea, na watafiti wa leo bado wanaandika makala nyingi kuhusu makosa hayo, lakini yanatosha. Rubani wa Bachman hakufa, amehamia ndani ya mashine, na tofauti yake na yule wa kwanza ni kwamba huyu, habari zikipangwa upya usiku, asubuhi hujichagulia njia mpya bila ya kuitwa na mtu.

Mahali pa pili palikuwa Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, ambako maprofesa Michael Stonebraker na Eugene Wong waliisoma makala ya Codd na mwaka 1973 wakaanza, pamoja na wanafunzi wao, kuunda mfumo walioutia jina la Ingres. Wanafunzi huja na kuondoka, fedha za ruzuku huisha, na mashine waliyokuwa nayo ilikuwa ndogo kuliko za IBM. Pamoja na hayo mfumo ulisimama ukafanya kazi, na wao, badala ya kuufungia kabatini, wakawa wanaunakili katika tepu na kuupeleka kwa vyuo vilivyouomba, programu na maandishi yake ya ndani pamoja, kwa malipo yasiyozidi sana gharama ya tepu. Napenda kulitilia mkazo jambo hili kwa sababu ndilo lililoifanya ilimu hii kuwa ya watu wengi. IBM pia, kwa kuwa watafiti wake waliruhusiwa kuchapisha matokeo yao, ilifungua mlango bila ya kukusudia: Larry Ellison na wenzake wawili, waliofungua kampuni yao mwaka 1977, walizisoma makala za System R, wakauza mfumo wao wa Oracle mwaka 1979, ilhali IBM yenyewe, ambayo biashara yake ya IMS ilikuwa inanoga, haikuuza wa kwake mpaka mwaka 1981. Mwaka huo huo Codd alipewa Tuzo ya Turing.

Mpaka hapa tumesema habari za kuuliza tu. Lakini daftari huandikwa pia, na wanaoliandika ni wengi kwa wakati mmoja, na umeme hukatika. Mtu anayehamisha shilingi elfu kutoka akaunti hii hadi ile anataka mambo mawili yatendeke, kupungua huku na kuongezeka kule, na lililo baya kuliko kushindwa kwa yote mawili ni kufaulu kwa moja. Aliyeitia fikra ya muamala katika kanuni madhubuti ni Jim Gray, Mmarekani aliyefanya kazi katika mradi wa System R, na katika makala aliyoiandika mwaka 1981 aliufananisha muamala na ndoa ya Kikristo, ambamo padri huuliza upande mmoja, kisha wa pili, na wote wakikubali hutangaza kwamba wameoana. Msomaji wa pwani hatahitaji kwenda kanisani ili aelewe, maana ijabu na kabuli ndiyo hiyo hiyo: walii amesema amemwoza, bwana arusi akajibu amekubali, mashahidi wakasikia, ndoa imefungwa, na mmoja akinyamaza, hakuna nusu ya ndoa iliyobaki inaelea. Hata hivyo mashine haina mashahidi, kwa hiyo watafiti waliipa daftari la pili, la kumbukumbu, ambamo kila badiliko huandikwa na kuhifadhiwa kwanza kabla halijagusa daftari lenyewe, ili umeme ukirudi mfumo usome kumbukumbu, uyakamilishe yaliyokubaliwa na kuyafuta yaliyoachwa katikati. Na waliipa kufuli, ili wawili wanaochota katika akaunti moja wasisome salio moja kwa pamoja na kila mmoja akadhani ni lake. Kanuni za kufanya hayo bila ya kuuchelewesha mfumo mzima zimewashughulisha watu wenye akili kwa miaka mingi, na mojawapo ya zilizo kamili zaidi ilichapishwa mwaka 1992 na C. Mohan, mzaliwa wa India, na wenzake wa IBM.

Gray alipata Tuzo ya Turing kwa mwaka 1998. Januari 28, 2007, alitweka tanga peke yake kutoka San Francisco kuelekea visiwa vya Farallon ili akayatawanye majivu ya mamake baharini, na hakurudi. Wenzake walikusanya picha za satelaiti za eneo lile, zikagawanywa vipande vipande, na maelfu ya watu wa kujitolea wakazichungua wakitafuta mashua yake, wasiione. Wiki chache baadaye, mwezi wa Machi, kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya, na mwaka uliofuata huduma hiyo ikaingia Tanzania. Mamilioni ya watu ambao hawakuwa na akaunti ya benki wakaanza kufanya miamala kila siku, wengi wao mahali ambapo mtandao hukatika mara kwa mara. Na mama aliyebonyeza kupeleka ada ya mwanawe, simu ikazimika pale pale, anategemea, ajue asijue, kwamba zile fedha ama zimefika ama hazikutoka kwake.

Kiungo kingine kati ya utafiti ule na nchi zetu ni kirefu zaidi. Mwaka 1986 Stonebraker alianza mradi mpya Berkeley uliofuata Ingres, akauita Postgres. Ulipokoma, wanafunzi wawili, Andrew Yu na Jolly Chen, waliutia lugha ya SQL, na tangu mwaka 1996, kwa jina la PostgreSQL, unatunzwa na watu waliotawanyika katika nchi nyingi, na kila atakaye huuchukua bure. Juu ya hifadhidata hiyo ndipo ulipojengwa DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, ambao Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011, na ambao Tanzania, Uganda na Rwanda zinautumia pia. Idadi ya watoto waliochanjwa katika zahanati ya wilaya ya mbali inakaa leo katika jedwali lenye mistari na safu, na msimamizi aliye makao makuu huiuliza bila ya kujua imewekwa katika diski gani.

Sitaki msomaji afikiri kwamba majedwali yameshinda bila ya kupingwa tena. Kampuni kubwa za intaneti zilipoona habari zao zimezidi uwezo wa mashine moja, na hata wa mashine mia, zilibuni mifumo yao, waliyoieleza Google mwaka 2006 na Amazon mwaka 2007, ambayo iliacha majedwali kamili na miamala kamili kwa ajili ya wepesi na ukubwa, na likazuka kundi zima la vijana waliotangaza kwamba enzi ya Codd imekwisha. Miaka michache baadaye, mwaka 2012, Google hiyo hiyo ilieleza mfumo uitwao Spanner, wenye kutumia satelaiti na saa za atomi ili kuirudisha miamala iliyoachwa. Stonebraker na Joseph Hellerstein walikuwa wamekwisha kuandika mwaka 2005 kwamba kila kizazi cha fani hii hurudia makosa ya kizazi kilichokitangulia, na ijapokuwa ni maneno ya watu wanaowasuta vijana, sioni kwamba walikuwa waongo.

Ugumu uliobaki, kwa maoni yangu, haumo katika kasi. Mwaka 1978 William Kent, naye wa IBM, aliandika kitabu kiitwacho *Data and Reality*, kinachosomeka kama falsafa kuliko uhandisi, akiuliza maswali ambayo mashine haiwezi kuyajibu: kitu kimoja ni kipi, kinaanzia wapi, na ni nani aliyeamua kwamba hiki na kile ni kimoja? Atakaye mfano na atazame fomu yoyote inayodai jina la ukoo. Tuseme mtu wa Pemba aitwa Salim Said Hamad, yaani jina lake, la babake, na la babu yake. Mwanawe ni Juma Salim Said. Safu ya jina la ukoo itasoma Hamad kwa baba na Said kwa mwana, na hifadhidata inayotambua jamaa kwa safu hiyo itawahesabu kuwa wageni wawili waliokutana nyumba moja. Hakuna kilichoharibika ndani ya mashine. Aliyelichora jedwali aliichora desturi ya kwao, na desturi hiyo ikasafiri pamoja na programu.

Vivyo hivyo na kutojua. Wazee wengi waliozaliwa kabla vyeti havijaenea wameandikwa kuwa walizaliwa Januari 1, kwa sababu fomu ilikataa kuachwa tupu, na hivyo uwongo mdogo ukaingia daftarini ukiwa na sura sawa kabisa na ukweli. Codd alilifikiri jambo hili sana. Alitaka jedwali liwe na alama maalumu ya kisichojulikana, isiyokuwa sifuri wala nafasi tupu, na mantiki yenye majibu matatu, ndiyo, siyo, na haijulikani. Hata baadaye akataka alama mbili, moja ya kisichojulikana na moja ya kisichomhusu mtu, kama tarehe ya ndoa ya asiyeoa. C. J. Date, mshirika wake wa miaka mingi, alimpinga katika hili bila ya kuchoka, akisema mantiki ya namna hiyo itawapoteza wanaoitumia, na kweli yapo maswali ya SQL ambayo mwenye ujuzi pia huyakosea kwa sababu ya alama hiyo. Hoja za Date zina nguvu. Lakini nikipewa nichague kati ya mantiki yenye utata na mzee aliyesingiziwa siku ya kuzaliwa, namwunga mkono Codd.

Limebaki moja, ambalo halitajwi sana. Mwaka 1974, mwaka ule ule wa mjadala wa Ann Arbor, Codd alitoa makala juu ya mfumo alioukusudia kuuita Rendezvous, ambamo mtu asiyejua lugha yoyote ya kompyuta angeuliza kwa maneno ya kawaida, na alitaja hatua saba za kulifikia jambo hilo. Mbili kati yake zanivutia: mfumo ukitatizwa na swali umhoji mwulizaji mpaka maana ibainike, na kabla ya kujibu umsomee swali lake kwa namna ulivyolielewa, akubali au akatae. Leo programu za akili bandia hufasiri maneno ya mtu kuwa SQL kwa muda mfupi sana, na nyingi hutoa jawabu papo hapo. Na jedwali lililotokana na swali lililoeleweka vibaya limepangika vizuri sawasawa na lile la swali lililoeleweka. Mganga mkuu wa wilaya akiuliza ni wagonjwa wangapi waliokuja zahanati mwezi uliopita, huenda anataka idadi ya watu, na huenda anataka idadi ya mahudhurio, ambayo mtu mmoja aliyekuja mara nne anahesabiwa mara nne; na dawa zitakazoagizwa zinategemea alimaanisha lipi. Rendezvous ingemwuliza kwanza.